Yatima Asiye na Mtu: Fomu ya Uhamiaji na Watoto wa Riwaya Zetu

Mwaka juzi Mamdogo alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka Winnipeg. Dakika tano za mwanzo zilikuwa salamu, baridi, bei ya nyanya na habari za goti lake. Mbili za mwisho ndizo zilizonifikisha kwenye makala hii. "Baba, si wewe ndiye mwandishi wa familia? Nataka kuwachukua watoto. Nimeandika barua kwa Kiswahili, ile ya kueleza undugu wetu. Wewe iweke tu kwa Kiingereza, halafu tutampa mfasiri aigonge muhuri."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Sentensi yake ya pili ilisema: "Hawa wote wawili ni watoto wa dada zangu waliofariki, na wote ni wanangu."

Kwa miaka kumi nimeandika habari za bunge, bei ya korosho na ajali za mabasi. Sijawahi kukwama kwenye sentensi kama nilivyokwama kwenye hiyo. Kwa Kiswahili haikuwa na kosa hata moja. Kwa Kiingereza ilikuwa inaelekea kuwa uongo, tena mara mbili.

Ngoja nieleze. Binti, wakati ule mwenye miaka 14, mama yake alikuwa dada wa Mamdogo, baba mmoja mama mmoja. Kijana alikuwa mdogo kwa binti kwa miaka mitatu. Mama yake na Mamdogo walikuwa watoto wa mtu na dada yake. Kwetu huyo haitwi binamu. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi; mtoto wa mama mkubwa ni dada, basi, hakuna neno jingine. Kijana alifiwa na wazazi wote akiwa na miaka miwili, akaletwa kwa mama yake binti. Wakakua pamoja, wakaugua surua pamoja, wakachapwa pamoja. Mama yake binti alipofariki, miaka miwili baada ya mumewe, wote wawili walihamia kwa mama yangu na begi moja. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kuwa wao si ndugu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na wazo hilo.

Sasa njoo kwenye sheria. Kanada ni moja ya nchi chache zilizoandika waziwazi kwamba raia au mkazi wa kudumu anaweza kumdhamini ndugu yake yatima aende kuishi naye. Ni mlango mwembamba, lakini upo. Masharti yake ni haya: mtoto awe hajatimiza miaka 18, asiwe na mume au mke, baba na mama yake wawe wamefariki wote wawili, na awe mdogo wa mdhamini, mtoto wa kaka au dada yake, au mjukuu wake. Hapo orodha inaisha. Mtoto wa mtoto wa mama mkubwa hayumo.

Na kuna orodha ya pili, ya wasioruhusiwa, ambayo kwangu ndiyo inayosomeka kwa uchungu zaidi. Huwezi kumdhamini mtoto huyo kama mzazi wake mmoja bado yu hai. Huwezi kama wazazi hawajulikani walipo. Huwezi kama wamemtelekeza. Huwezi kama mzazi yuko gerezani. Mzazi lazima awe amekufa, na awe na cheti.

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu hapa, mnaonifuatilia mnajua, ni kusoma. Kwa hiyo niliisoma fomu kama ninavyosoma riwaya: nani mhusika mkuu, nani anasimulia, na nani amefukuzwa kwenye hadithi ili hadithi isimame?

Mhusika mkuu wa fomu ni mtoto asiye na mtu. Huko si kumtukana aliyeitunga, ndivyo ilivyojengwa. Ili mtoto apite, kila aliye karibu naye lazima awe amekufa au awe hahesabiki. Mama yangu, aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia chai, hana kisanduku chake cha kumtaja kama mama. Jirani aliyemfundisha binti kusuka hayumo. Kijana hayumo. Unapomaliza kujaza unapata picha ya msichana aliyesimama peke yake uwanjani, na ng'ambo ya bahari kuna mwanamke mmoja amenyoosha mkono. Ni picha inayoliza. Shida yake ni kwamba haijawahi kutokea.

Ajabu nyingine ni kwamba sheria hiyohiyo ina kifungu cha mdhamini aliye mpweke. Kama huna mwenzi, mtoto, mzazi, ndugu wala mjomba unayeweza kumdhamini au aliye tayari raia au mkazi wa huko, unaruhusiwa kumdhamini ndugu mmoja, awe wa uhusiano wowote wa damu. Kwa hiyo upweke unafungua mlango pande zote mbili: mtoto asiye na mtu, au mtu mzima asiye na mtu. Mamdogo ana mume. Mlango huo ukafungwa kabla hajaugusa.

Katika Kiswahili, mtoto asiye na mtu ni vigumu hata kumtamka. Lugha yenyewe inamzalia wazazi. Baba akifa, yupo baba mkubwa, yupo baba mdogo. Mama akifa, yupo mama mkubwa, yupo mama mdogo. Neno "baba" na neno "mama" zimekaa palepale, zikisubiri zamu. Tunajua vilevile kwamba zamu hiyo haiji na raha siku zote; aliyetunga methali "yatima hadeki" hakuwa mtu wa kujidanganya. Yatima wetu anaweza kunyimwa, kuchapwa na kulala mlo mmoja. Lakini ananyimwa na mtu anayeitwa mama. Yatima wa fomu hana hata wa kumnyima.

Nikafanya mchezo. Nikachukua watoto wa riwaya ninazozipenda, mmoja mmoja, nikawapitisha kwenye fomu ya Mamdogo.

Wa kwanza alikuwa Kongowea Mswahili wa *Siku Njema*, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996 ambayo wengi wetu tuliisoma tukiwa na sare za shule. Mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anafariki. Baba hajawahi kuonekana. Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta. Kila msomaji anamwita yatima bila kusita, na nusu ya machozi ya kitabu kile yanatoka hapo. Fomu inasema hapana. Baba hajulikani alipo, na baba asiyejulikana alipo si baba aliyekufa. Kwa kweli riwaya nzima ya Walibora imesimama juu ya tofauti hiyo: mtoto hawezi kuomboleza wala kutulia, kwa sababu baba yumo kati ya kuwepo na kutokuwepo. Fomu inamwambia Kongowea arudi akiwa na cheti. Walibora anamwambia aanze safari. Nilipoisoma upya mwaka juzi niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuona jinsi kitabu kile kinavyomheshimu mtoto asiye na jibu.

Wa pili, Salim wa *Gravel Heart*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2017. Salim anakulia Zanzibar. Baba yake, Masud, amehama nyumbani na kujifungia kwenye chumba nyuma ya duka, na mtoto anampelekea chakula. Baadaye mjomba wake Amir, ndugu wa mama yake na mwanadiplomasia, anamchukua London kumsomesha. Kwa fomu, huyu hata asisumbuliwe kupiga foleni: baba hai, mama hai. Lakini soma ukurasa wowote wa sehemu ya kwanza uniambie kama huyo mtoto ana baba. Gurnah anajua kitu ambacho hakuna cheti kinachokishika: mzazi anaweza kuondoka huku anapumua, akakaa mtaa wa pili, ukawa unampelekea wali kila siku.

Wa tatu, Darling wa *We Need New Names* ya NoViolet Bulawayo, ya mwaka 2013. Anatoka kwenye kitongoji cha mabanda huko Zimbabwe, kinachoitwa Paradise, anakwenda Michigan kwa Fostalina, ndugu wa familia yao. Mama yake yu hai. Na Marekani haina kabisa mlango wa mtoto wa ndugu. Kwa kawaida mtoto huyo lazima aasiliwe kisheria kabla hajatimiza miaka 16. Darling anaingia kwa viza ya matembezi, viza inaisha, anabaki. Wahakiki wengi waliandika juu ya lugha ya kitabu hiki na njaa ya sura zake za mwanzo. Mimi sasa nakisoma pia kama kitabu cha mtu ambaye hakuna fomu iliyomtosha. Nusu ya pili, ambayo zamani niliona imepoa, naona imepoa kwa sababu: huyu msichana hawezi kurudi nyumbani hata kwa msiba, maana akitoka haingii tena. Kilichopoa ni maisha yake.

Basi watatu wote wameshindwa. Nikabaki na wa nne, na huyu ndiye aliyenivuruga.

Yusuf wa *Paradise*. Kitabu cha mwaka 1994, na tangu 2022 tunacho kwa Kiswahili kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Yusuf ana miaka 12. Kuna tajiri anayekuja nyumbani kwao, Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwita anko na ambaye humpa sarafu kila anapoondoka. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye kwa treni. Hajui kwamba baba yake amemweka rehani kwa deni. Akifika pwani anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia kwenye rehani hiyohiyo, na Khalil anamfundisha somo la kwanza: yule si anko wako. Mwite seyyid.

Hapo ndipo nilipoacha kuicheka fomu. Maana mimi nilikuwa nimeshaandika kichwani makala nzuri ya hasira, inayosema Kiswahili kina moyo mpana na ofisi ina moyo finyu. Gurnah akanikumbusha kwamba moyo mpana wa lugha unaweza kuwa mtego. Neno "anko" ndilo lililomtoa Yusuf nyumbani bila kulia. Kama angekuja mtu mwenye kamba, mtoto angepiga kelele. Amekuja ndugu.

Na tusijifanye hatuijui hadithi hii. Nani hajaona, mtaani kwake, mtoto aliyeletwa mjini kwa maneno "njoo nikusomeshe", akaishia kuosha vyombo vya watoto anaoambiwa ni ndugu zake? Anamwita mwenye nyumba mama mdogo. Wenye nyumba wanamtambulisha kwa wageni kama "mtoto wetu". Shule haoni. Nimewahi kwenda kuandika habari ya mtoto wa namna hiyo, na jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba kila mtu mle ndani alitumia maneno sahihi. Afisa anayesoma barua kama ya Mamdogo, akakutana na "wote ni wanangu", ana haki ya kuuliza: wako vipi? Ushahidi uko wapi? Kwenye *Peponi*, laiti kama mtu mmoja angeuliza swali hilo pale kwenye treni.

Kwa hiyo nikawa na mambo mawili mkononi, na yote yalikuwa kweli. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Ofisi inapima kufanana. Nyaraka zisipotosha, inaweza kukushauri upime vinasaba, kwa gharama yako, na maabara itasema kama mnafanana vya kutosha. Methali inasema hicho si kipimo. Lakini Aziz naye alimfaa baba yake Yusuf: alimkopesha. Kufaana kuna daftari lake. Ukisema undugu ni kufaana, umefungua mlango kwa Mamdogo, na humo humo umefungua mlango kwa Aziz.

Ndiyo maana nasema *Peponi* ni kitabu kikubwa kuliko hasira yangu. Hakiishii kwenye onyo. Ukikisoma hadi mbele utajua kwamba Khalil ana dada, Amina, aliyewekwa rehani pamoja naye, na ambaye Aziz amemwoa. Na utajua, kwa kuchelewa kama Yusuf, kwamba Amina si dada yake wa damu. Aliokolewa utotoni na baba yake Khalil kutoka mikononi mwa watekaji, akalelewa nyumbani kama mtoto wa humo. Khalil yuko pale dukani kwa sababu Amina yuko ndani ya ile nyumba. Anamcheka kila mtu, anajifanya mwehu, lakini haondoki.

Yaani katika kitabu kimoja, chini ya paa moja, kuna undugu wa uongo kabisa na undugu wa kweli kabisa, na hakuna kati yake wenye damu. Maabara ingetoa jibu lilelile kwa Aziz na Yusuf na kwa Khalil na Amina: hawahusiani. Gurnah anatufundisha kuwatofautisha, lakini si kwa kipimo. Anatufanya tukae nao kwa muda mrefu. Tofauti unaiona kwenye swali moja tu: nani anabaki wakati kubaki kunamgharimu? Aziz hajawahi kulipa chochote kwa ajili ya kuitwa anko. Khalil amelipa ujana wake kwa ajili ya kuitwa kaka.

Fomu haiwezi kukaa na watu muda mrefu. Ina kurasa chache na maombi mengi. Sidhani ni haki kuidai fomu iwe riwaya. Lakini naona ni haki kuidai riwaya isiwe fomu, na hapa nina ugomvi na baadhi ya maandishi yetu mapya kuhusu safari za ng'ambo. Mengi yamejifunza kumwandika mtoto mpweke. Kijiji kinaungua, wazazi wanakufa ukurasa wa tatu, ndugu hawatajwi, na msichana anatua kwenye uwanja wa ndege wenye theluji akiwa safi kama karatasi. Inaliza, inashinda tuzo, na inamfaa msomaji ambaye hataki kuhesabu walioachwa. Nikikutana na mtoto wa namna hiyo siku hizi naanza kuwatafuta: bibi yuko wapi? Jirani je? Nani alibeba begi hadi stendi? Mwandishi asipojua, basi amejaza fomu.

Vitabu nilivyovitaja hapo juu, kila kimoja kwa namna yake, kinamrudishia aliyefutwa nafasi yake. Kwenye *We Need New Names*, Darling anaongea kwa Skype na Chipo, rafiki yake wa zamani aliyebaki, na Chipo anamkatalia katakata haki ya kuiita ile nchi yake, kwa kuwa aliiacha. Mazungumzo yenyewe ni mafupi, ila yanatosha kukitikisa kitabu kizima, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliyebaki anasema. *Gravel Heart* inakwenda mbali zaidi: Salim anarudi Zanzibar, na kitabu kinamkabidhi baba yake usukani. Masud anasimulia, na ndipo tunajua ule msaada wa mjomba ulikuwa umelipiwa na nani. Mama yake Salim ndiye aliyetoa kitu asichopaswa kutoa ili kaka yake Amir atoke kizuizini. Elimu ya London ilikuwa na deni chini yake, na mtoto alikuwa akilila bila kujua. Sehemu ya kati ya kitabu hicho, ya London, na barua ambazo Salim anamwandikia mama yake na nyingine hazitumwi, bado naiona ndefu kuliko inavyohitajika. Lakini mwisho unailipia.

Aliyekosekana katika vyote, kwa maoni yangu, ni mdhamini. Amir tunamwona kwa macho ya mpwa wake, na si macho ya upole. Fostalina tunamwona akifanya mazoezi mbele ya televisheni, akikimbilia kazini, na mara moja, katika sura ninayoipenda kuliko zote za sehemu ya Marekani, akijaribu kuagiza sidiria kwa simu huku muuzaji haelewi matamshi yake. Kwa dakika chache tunauona uchovu wa mtu aliyebeba wengine. Kisha Darling anatoka, na sisi tunatoka naye. Ningependa kusoma riwaya ya Kiswahili inayobaki mle chumbani na Fostalina. Ningependa kusoma riwaya ya Mamdogo: mwanamke anayeosha wazee wa watu usiku, anatia saini ahadi kwa serikali kwamba atamlisha mtoto kwa miaka, halafu analazimika kuandika kwa mkono wake nani ni mtoto wake na nani si mtoto wake.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Nilimpigia. Nikamweleza kwamba nikiandika "watoto wa dada zangu" kwa Kiingereza, atakayesoma ataelewa dada wa tumbo moja, na vyeti vya kuzaliwa vitasema vingine. Nikamweleza kwamba "wanangu" ni hatari pia, kwa sababu yeye mwenyewe alipohamia Kanada aliulizwa ana watoto wangapi, akajibu hana, na lilikuwa jibu la kweli. Neno la mapenzi lingeonekana kama siri iliyofichuka.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo unataka niandike dogo si wetu?"

"Sijasema si wetu, Mamdogo. Nimesema kwa lugha yao ni mtoto wa binamu yako."

"Dada yangu hakuwa binamu yangu."

Sikuwa na jibu. Nikatafsiri kama nilivyoona ni lazima: mmoja ni mtoto wa dada yangu, mwingine ni mtoto wa binti wa dada yake mama yangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa na maneno machache na ikapita. Ya pili ilikuwa ndefu, na kadiri inavyorefuka ndivyo mtoto anavyosogea mbali. Mwishowe Mamdogo aliifuta mwenyewe. Tulizungumzia kumwasili kijana, lakini hiyo ni barabara nyingine inayopitia ustawi wa jamii na mahakama, na hakuna aliyethubutu kumchelewesha binti kwa ajili yake, kwa kuwa umri haumngoji mtu. Ombi likaenda na jina moja.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea. Ningeweza kuiacha ile sentensi ya Kiswahili kama ilivyo na kumwachia mfasiri mzigo. Ningekuwa mpwa mzuri kwa wiki mbili, na pengine ombi zima lingekataliwa kwa kosa la kudanganya. Nilichofanya kilikuwa sahihi. Lakini nimesoma *Peponi* mara nyingi mno kuamini kwamba kilicho sahihi kimekuwa pia kweli. Niliandika kwamba Khalil si kaka yake Amina. Ndicho nilichoandika.

Binti aliondoka mwaka jana. Tulimsindikiza wanane, tukijibana kwenye gari la watu watano, na mama yangu alibeba begi. Afisa aliyepokea faili lake hatajua kamwe kwamba mtoto asiye na mtu alisindikizwa na watu wanane. Kijana hakulia uwanjani. Alilia wiki moja baadaye, kwa sababu ya chaja ya simu ambayo walikuwa wakiigombania na sasa ilikuwa yake peke yake.

Wanaongea kila Jumapili. Binti anamwonyesha theluji, yeye anamwonyesha paka. Mamdogo anatuma ada ya wote wawili, na kwenye ujumbe bado anasema "wanangu". Hapo hakuna wa kumhoji.

Mwezi uliopita kijana aliniletea fomu ya shule nimsaidie kuijaza. Jina la mlezi, kazi yake, namba ya simu. Palipoandikwa idadi ya ndugu alikuwa ameshajaza mwenyewe, kwa kalamu ya wino: mmoja. Pembeni, mahali ambapo hapakuulizwa kitu, aliongeza "yuko Kanada". Nikasaini.

Kama hujasoma *Peponi*, isome, na ukifika kwa Khalil na Amina usikimbie. Na kama wewe ni mwandishi na una mdhamini kwenye familia yako, mpigie. Muulize aliacha kuandika jina la nani. Naamini riwaya yako iko hapo.